Tango: Milonga Kwanza, Shoo Baadaye

Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, utauziwa tango, ile dansi ya watu wawili na muziki wake, kabla hujaisikia. Mtaa wa Florida, katikati ya mji, wapiga debe ni kama wamegawana kazi: wengine wanaita "cambio, cambio" wakitaka kukubadilishia dola, wengine wanakushikisha vikaratasi vya shoo ya usiku. Ukirudi hotelini unakuta vikaratasi hivyo hivyo vimepangwa mapokezi. Unachouziwa kwa kawaida ni gari la kukufuata, chakula cha jioni, divai, shoo yenyewe, na gari la kukurudisha. Mgeni analipa, anapiga picha, anapanda ndege akiamini tango ameshaiona.

Shoo ni nzuri, sibishi. Ila kila anayeniuliza namwambia apindue mpangilio: aanze na darasa, aende milonga, wanakochezea wenyeji, akae kitini atazame, ajaribu kucheza kidogo, shoo iwe ya mwisho. Mie mwenyewe nisingejua. Nilikuwa nimeenda kikazi, kwenye mkutano wa watu wa bandari na forodha, nikaunganisha na likizo. Kihispania changu kilikuwa cha kuombea maji. Mama mwenye nyumba, kule San Telmo nilikopanga chumba, ndiye aliyekitazama kikaratasi nilichopewa Florida, akakikunja na kukiweka chini ya chupa ya mafuta jikoni kwake.

"Hiki kitakusubiri, mwanangu," alisema, simu yangu ikinitafsiria. "Kwanza nenda ukajifunze kutembea."

Nilidhani ni msemo. Kumbe alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa.

Milonga ni jina la usiku wa kucheza na la mahali panapochezwa, na kwenye nyingi kuna darasa kabla ya muziki kuanza. Nilitegemea kufundishwa mikato ya miguu, zile namba nane zinazochorwa sakafuni na kupachika mguu katikati ya miguu ya mwenzio. Badala yake tuliambiwa tuzunguke ukumbi, kinyume cha saa, mmoja mmoja, bila kutazama viatu vyetu. Uzito wote uwe juu ya mguu mmoja, mwingine uwe huru. Mwalimu, mama wa makamo mwenye viatu vilivyolika kisigino, alipita akitusukuma nyayo kwa ncha ya kiatu chake. Kama mguu wako ulio huru hausogei wenyewe, bado umeuegemea. Wangu ulikuwa haubanduki. Mpaka darasa linakaribia mwisho ukawa unateleza, na nikaelewa kwa nini wanawake wa pale wanatembea kinyumenyume usiku kucha bila kujikwaa. Anayeongoza hakuvuti mkono. Kifua chake kinatangulia, unakisikia, mguu wako unaenda nyuma kabla wake haujatua.

Sasa hilo la kifua lilinipa tabu. Mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyefundishwa kwamba salamu na mwanaume wa watu inaishia mkononi, leo nisimame kifua kwa kifua na mtu nisiyejua hata jina lake? Nilimwambia mwalimu waziwazi. Hakunicheka. Alinionyesha kwamba kukumbatiana kwa tango kuna mlango, na ufunguo anao mwanamke: mkono wangu wa kushoto ukiuweka juu ya mkono wake wa juu badala ya kuuzungusha mgongoni, nafasi inabaki, na mwanaume mstaarabu atakaa pale pale ulipomweka. Tangu hapo nilicheza na nafasi yangu na hakuna aliyeibana. Wengine waliokuja na mimi darasani walicheza karibu kabisa, shavu kwa shavu, wamefumba macho. Kila mtu na alivyolelewa.

Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa dansi. Enzi za mkoloni vijana wa mjini, Tanga na Dar es Salaam, walivaa suti wakaenda ukumbini kusakata waltz, foxtrot, na tango pia, na babu hadi uzeeni alikuwa akitukatia hatua zake uani: hatua ndefu mbili, halafu shingo inageuka ghafla kama ameitwa. Ile ilikuwa tango iliyopitia Ulaya. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikwishaiteka Paris, ikasambaa London, Waingereza wakainyoosha ikawa dansi ya mashindano, nasi tukaipokea kutoka kwao. Buenos Aires sikuona anayegeuza shingo hivyo. Na ua la waridi mdomoni, lile la kwenye matangazo, sikuliona hata mara moja.

Kama hutaki kutoa hela, nenda Barrancas de Belgrano, bustani yenye mteremko kaskazini mwa mji. Kuna kibanda cha duara kilicho wazi pande zote, wanakiita La Glorieta, na jioni watu hujimwaga humo bila kiingilio; kinachopitishwa ni kofia ya mchango. Wapo wenye viatu vya kuchezea walivyobeba kwenye mfuko na wapo wenye raba. Pale ndipo pazuri pa kujifunza kutazama, maana huna meza ya kuilinda wala mhudumu wa kukuuliza utakunywa nini.

Milonga iliyonifungua macho ilikuwa ya kilabu cha mtaani, Sunderland, Villa Urquiza, mbali na mitaa ya watalii. Ukumbi wao ni uwanja wa mpira wa kikapu. Siyo kwamba umepambwa ukafichwa: goli lipo, mistari ya uwanja ipo sakafuni, taa ni nyeupe za kumulika kila kasoro ya uso. Meza zimezunguka, familia nzima zinakula, mabibi wamevaa wamependeza, na ni baada ya sahani kuondolewa, karibu na saa sita usiku, ndipo sakafu inajaa. Ukija saa tatu utakuta wanapanga viti.

Huko ndiko nilikoona kanuni zinavyofanya kazi. Mwanaume haji mezani kukuomba. Anakutazama kutoka kwake, hata kama ni upande wa pili wa ukumbi. Ukikubali unamtazama na wewe, anatikisa kichwa kidogo, unajibu, basi. Wanaita kabeseo. Usipotaka unapeleka macho kwingine na hakuna aliyeaibika, kwa sababu hakuna aliyeona. Nimekaa kwenye harusi zetu nyingi nikaona kijana anavuka ukumbi mzima, anakataliwa, halafu anarudi safari ile ile huku watu wanamsindikiza kwa macho. Hawa wazee wa Buenos Aires wamelimaliza hilo tatizo bila kutamka neno.

Shida ni kwamba mimi nimelelewa kuinamisha macho. Pale ukiinamisha macho utakaa kitini mpaka saa kumi alfajiri, na kosa halitakuwa la mtu. Nilijilazimisha kuinua uso. Mwanzoni nilihisi kama namkodolea mwanaume wa watu mbele ya mkewe, mpaka nikagundua kwamba mkewe mwenyewe alikuwa anamtazama mzee mwingine kwa shughuli hiyo hiyo.

Kanuni nyingine: ukishakubaliana kwa macho, usiinuke. Ngoja afike mbele yako. Nyuma yangu kulikuwa na mabinti wawili wa Ulaya. Mzee mmoja alitikisa kichwa, wote wawili wakasimama. Alimwendea mmoja, yule mwingine akajifanya anaelekea msalani.

Muziki unakuja kwa mafungu, wanaita tanda. Fungu la tango huwa na nyimbo nne hivi za okestra moja, halafu kinapigwa kipande cha muziki mwingine kabisa, chochote kile, wanakiita kortina, na sakafu inabaki tupu kabisa. Maana yake ukikubali unakubali fungu zima na mtu mmoja. Hapo ndipo neno "gracias", yaani asante, linapokuwa hatari. Mgeni mmoja tuliyekaa naye meza moja, msichana mwenye adabu zake, alimaliza wimbo wa kwanza akamshukuru mwenzake kwa moyo mkunjufu. Yule bwana akamwinamia, akamsindikiza hadi kitini, akaenda zake. Kule kushukuru katikati ya fungu ni kusema inatosha. Binti wa watu alikaa anajiuliza amemkosea nini, mpaka mama wa meza ya pili alipomweleza, wote wakacheka.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote hutaliona kwenye shoo yoyote. Wimbo wa pili wa fungu ukianza, watu hawachezi. Wanaendelea kupiga soga, wamesimama tu katikati ya uwanja, mikono chini, muziki umeshaanza. Kama nusu dakika hivi inapita. Halafu bila mtu kutoa amri, mmoja anainua mkono wa kushoto, mwingine anaufuata, na uwanja mzima unaondoka pamoja. Nilikuwa nangoja sehemu hiyo kila wimbo.

Na nyimbo zenyewe ni zilipendwa tupu. Nyingi zilirekodiwa kati ya 1935 na 1955, wakati okestra kubwa zilipokuwa zinajaza kumbi. Ukikaa na wenyeji utawasikia wanazungumzia okestra kama sisi tunavyobishana Msondo na Sikinde: D'Arienzo ni wa mapigo, anakukimbiza, Di Sarli ni wa kutembea, Pugliese usimguse kama hujakomaa. Mtu anachagua wa kucheza naye kufuatana na okestra iliyoanza. Mzee mmoja, wa miaka sabini na kitu kwa kumtazama, alinipita mara kadhaa bila kunitazama, halafu Di Sarli alipoanza akanitikisia kichwa. Baadaye aliniambia alinitazama miguu, akaona natembea sawa ila nitachanganyikiwa tukienda haraka. Alinichezesha nyimbo zote nne kwenye eneo lisilozidi mkeka wa kulalia, hakuniambia fanya hivi wala vile. Tulikuwa tumezungukwa na watu, na hakuna hata bega lililotugusa.

Baada ya hayo ndipo nikakitoa kikaratasi chini ya chupa ya mafuta.

Jina la ukumbi silitaji, kwa sababu chakula kilikuwa cha ovyo na mhudumu alikuwa na haraka ya kuondoa sahani kuliko mimi ya kula. Nilijifunza kwamba tiketi yenye chakula mara nyingi inajumuisha na divai, unywe usinywe, nami sinywi, kwa hiyo nilimlipia jirani yangu bila kupenda. Kumbi nyingi zina tiketi ya shoo peke yake, ya bei nafuu, na huanza kama saa nne usiku. Kula kwako, nenda ukatazame.

Taa zilipozimika, nilichokiona nilikielewa kwa namna ambayo nisingeielewa wiki iliyotangulia. Moshi, visu, wanaume wenye kofia zilizoinamishwa usoni, mwanamke anarushwa hewani na kudakwa. Yote yamepangwa hatua kwa hatua, wakati milonga hakuna kilichopangwa hata kimoja. Lakini ndani ya ule urushaji ilikuwepo ile ile hatua ya nyuma, uzito juu ya mguu mmoja, mwingine huru. Wanaichukua hatua ya Villa Urquiza wanaitia chumvi ili ionekane na mtu aliyekaa nyuma kabisa. Jirani yangu mnywaji divai alishangilia mateke ya juu. Mimi nilishangilia pale walipotembea tu, ukumbi mzima ukanigeukia.

Wapo wenyeji wanaoidharau shoo, wanasema ni ya watalii. Siwaungi mkono. Tango ilikaribia kufunikwa na rock baada ya miaka ya 1950, na moja ya vitu vilivyoirudisha ni shoo, ile ya Tango Argentino iliyofunguliwa Paris mwaka 1983 na kufika Broadway, New York, mwaka 1985; vijana wa nje waliiona jukwaani wakaanza kutafuta pa kujifunza. Hata mashindano ya dunia, yanayofanyika Buenos Aires kila Agosti tangu 2003, yana vitengo viwili, cha ukumbini na cha jukwaani. Wachezaji wa jukwaani nao wanakula kwa kazi hiyo. Mmoja niliyemwona anarushwa hewani siku ile nilimkuta baadaye kwenye milonga, saa nane za usiku, amevaa suruali ya kawaida, anatembea taratibu na mzee mfupi kuliko yeye.

Ukienda shoo, omba meza inayoiona bendi. Usikubali kuwekwa upande ambao nguzo inawaziba wapigaji. Mpiga bandoneoni amekaa mguu mmoja umeinuliwa, kitambaa kimelazwa pajani, chombo juu yake. Ni jamaa ya akodiani ya kwenye taarab zetu, ila hakina ubao wa funguo kama wa kinanda; ni vifungo vitupu, 71 kwa ile ya kawaida, na kifungo kimoja kinaweza kutoa sauti moja ukivuta na nyingine ukisukuma. Kilitengenezwa Ujerumani karne ya 19 na kikavuka bahari na wahamiaji. Alipofika kwenye pambo la mwisho alikiachia kikafunguka kwa uzito wake, kikashuka pande zote mbili za paja, na nikasikia kinavyovuta pumzi kabla ya sauti kutoka. Ukiwa nyuma ya nguzo utasikia muziki, ule mvuto wa hewa hutausikia.

Kilichonikera kwenye shoo ni hadithi iliyosimuliwa. Walianza na meli: Waitalia wanashuka na masanduku, mabaharia, wanawake wa bandarini, ugomvi, mapenzi, mwisho. Watu weusi walipewa dakika moja ya ngoma, wachezaji weupe wakitikisa mabega. Basi.

Mtu wa bandari nayajua makaratasi ya meli, na meli zilizoingia Río de la Plata, mto mpana ulio mbele ya Buenos Aires, hazikubeba Waitalia peke yao. Karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19 zilileta watumwa kutoka Angola na Kongo, na pia kutoka Msumbiji, upande wetu huu wa bahari. Sensa ya 1778 inaonyesha karibu theluthi moja ya wakazi wa mji wa Buenos Aires walikuwa weusi au machotara. San Telmo ile niliyolala na Monserrat jirani yake ilikuwa mitaa yao, na ngoma zao ni moja ya mito iliyoizaa tango. Rosendo Mendizábal, mpiga piano mweusi, alitunga mwaka 1897 moja ya tango za mwanzo ambazo hadi leo zinapigwa milonga. Horacio Salgán, aliyezaliwa 1916 na kufariki 2016 akiwa ametimiza miaka 100, naye alikuwa wa damu hiyo, na ni miongoni mwa wapiga piano wakubwa kabisa wa muziki huu. Vita, maradhi kama homa ya manjano ya 1871, kuoana na wahamiaji, na sensa zilizoacha kuwahesabu, vikawafuta machoni. Niliulizwa mara nyingi kama mimi ni Mbrazili au Mkolombia. Nikisema Tanzania, jibu lilikuwa la upole: "Hapa kwetu weusi hawakuwepo." Tena wakati mwingine aliyesema hivyo amekaa San Telmo. Mama mwenye nyumba alikuwa tofauti. Alinitajia tarehe 8 Novemba, siku ya taifa ya Waargentina wenye asili ya Afrika, akaniambia nikitaka kuzisikia ngoma zenyewe nivuke maji.

Nikavuka. Boti inakata Río de la Plata hadi Uruguay, na Montevideo, mji wake mkuu, wanadai tango kwa nguvu zile zile. UNESCO iliiandika kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2009 kwa jina la nchi zote mbili, na mwaka huo huo ikaiandika kandombe, ngoma ya watu weusi wa Uruguay, kwa jina la Uruguay peke yake. Mitaa ya Barrio Sur na Palermo, Jumapili jioni, vikundi vya kandombe hutoka na ngoma za aina tatu zilizoning'inizwa begani: chiko ndogo, repike, na piano, ambayo si kinanda bali ndiyo ngoma nzito kuliko zote. Fimbo mkono mmoja, mwingine mtupu.

Nilipofika walikuwa bado hawajaanza. Walikuwa wamewasha moto wa maboksi na mbao kando ya barabara, ngoma zimelazwa kuuzunguka, ngozi zikielekezwa kwenye joto zikaze. Mpigaji mmoja anainua yake, anaigonga kwa vidole, anasikiliza, anairudisha. Nilisimama nikimwangalia, maana kwetu ngoma ya ngozi inaanikwa motoni hivyo hivyo, na anayeipima anaigonga hivyo hivyo, kichwa kimeinama upande. Bibi mmoja mwenye fulana ya kikundi aliniuliza kwa ishara kama ninacheza. Nikamwambia nimejifunza tango kidogo. Akacheka kwa sauti, akawaita wenzake awaambie, wakacheka nao.

Moto ulipozimwa walijipanga safu, piano nyuma, na mtaa ukaanza kutetemeka. Wanawake walikuwa mbele ya ngoma. Hapakuwa na kabeseo, wala fungu la nyimbo nne, wala wa kuniongoza kwa kifua. Bibi alinishika kiwiko akaniingiza kwenye mstari wake, akarudi kuangalia mbele, na tukaondoka.